Nafasi ya Mitungi

Aliyesema viti vya nyuma vya Landrova ya kampuni ving'olewe alikuwa Jelagat mwenyewe. Hilo tuliseme mapema, maana baadaye watu walipoanza kumwonea huruma walilisahau, na yeye hakuwa mtu wa kuhurumiwa kwa uongo. Alisimama mkutanoni mbele ya wanahisa sitini, akagonga fimbo yake chini mara mbili, akasema viti vitoke. Akapigiwa makofi, na wanawake walioketi nyasini wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Mwaka ulikuwa 1969. Shamba lenyewe lilikuwa maili kumi na nane kutoka Eldoret, ukishika njia ya Burnt Forest kisha ukakata kwenye barabara ya udongo. Setla aliyelimiliki alikuwa amefunga virago na kwenda zake, na watu sitini wakaunda kampuni, wakauza ng'ombe wao, wakalinunua pamoja na kila kilichokuwamo: ghala la mahindi, trekta bovu, mikaratusi, na Landrova ndefu iliyokuwa na nafasi ya watu kumi. Dereva wa setla, Ouma, alibaki na gari. Hakuuzwa, lakini hakuna aliyemuuliza maoni yake pia. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa Ziwa, na gari lile alilijua kuliko alivyowajua watoto wake, maana watoto aliwaona Krismasi tu.

Kamati ya kampuni ilikuwa na watu watano, na Jelagat alikuwa mmoja wao. Usishangae. Mumewe, marehemu Kipkemboi, alitoa ng'ombe kumi na wawili kununua hisa, akafa kabla ya mavuno ya kwanza. Alimwachia mabinti watatu, wote wameshaolewa, na hakuna mtoto wa kiume hata mmoja. Kwa mila ya Wanandi, mwanamke wa namna hiyo hakai akilia. Hutoa mahari, akaoa mke, na watoto wa mke huyo huwa watoto wa nyumba yake na warithi wa mali yake. Jelagat akamwoa Jeruto, msichana mpole mwenye mikono ya kazi, na Jeruto akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Kiptoo. Tangu siku ya arusi ile Jelagat alihesabiwa mwanamume. Aliketi na wazee, alitembea na fimbo, aliacha kupika. Aliyeendelea kumwita mama alikuwa Ouma peke yake, ambaye kwao mambo hayo hawakuyajua.

Kilichobaki kilikuwa jambo moja: shamba ligawanywe, na kila hisa ipate kipande chake chenye hati. Kipande cha Kiptoo kingekuwa ekari kumi na tano, pale pale nyumba yao iliposimama. Jelagat alishasema mara nyingi kwamba akiishika hati ile mkononi, hata akifa kesho yake hatakuwa na kinyongo na Mungu.

Ndani ya Landrova kila mtu alikuwa na mahali pake. Mbele waliketi Ouma, kisha Mzee Kipyego, mwenyekiti wa kampuni, kisha mdogo wake Kimutai, aliyekuwa katibu. Nyuma yao, kwenye kiti kirefu cha ngozi nyeusi, waliketi wazee wawili wa kamati na Jelagat katikati. Walipokwenda Eldoret kwa shughuli za kampuni, watu walisimama kando ya barabara kuwaangalia. Jelagat alikipenda kiti kile. Tusimfiche: alikipenda sana. Mabinti zake walipomtembelea aliwasimulia jinsi kilivyo laini, na jinsi mtu akiketi pale anavyoiona dunia kutoka juu.

Lakini maziwa yalikuwa yanaharibika. Wanawake waliyabeba kwa punda hadi barabara kuu kuyapeleka kwenye lori la kiwanda cha maziwa, na siku za matope punda walifika saa tano, lori limeshapita, jua limeshayachachusha. Walirudi na mitungi iliyojaa, macho mekundu. Jelagat aliyaona hayo asubuhi baada ya asubuhi, na ingawa yeye sasa alikuwa mzee wa fimbo, mgongo wake haukuwa umesahau uzito wa mtungi. Ndipo aliposimama mkutanoni.

"Tunaendesha viti mpaka Sisibo," alisema, kwa maana Sisibo ndilo jina watu wa huko walilouitia mji wa Eldoret. "Viti havinywi maziwa na havilipi karo. Tuving'oe tuweke mitungi."

Kipyego alitabasamu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na alipotabasamu mtu aliona ni kama amepewa zawadi. "Mzee mwenzetu amesema maneno ya mtu mzima," akasema. "Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ya kuchimba huwa anaona maji tu.

Ouma alivitoa viti siku iliyofuata. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazimwagia mafuta ya taa, akangoja, akalala chali chini ya gari na spana yake huku akiitukana kila moja kwa Kijaluo. Viti vidogo vya ubavuni vikapelekwa ghalani. Kile kirefu, kwa kuwa ghala lina panya, Kipyego alisema kitunzwe kwa Jelagat, ndiye mwaminifu. Wanaume wanne wakakibeba hadi nyumbani kwake, wakakiegemeza ukutani.

"Mama, hizi bolti ni nane," Ouma akamwambia, akimwekea viganjani vyuma vilivyonuka grisi. "Usipoteze. Hii saizi sioni kama Wahindi wa Sisibo wanayo."

Jelagat akazitia ndani ya kopo la ugoro la marehemu mumewe, akalifunga, akaliweka juu ya kenchi. Jeruto akamlaza Kiptoo kwenye kiti kile, na mtoto akalala usingizi ambao hajapata kuulala chini.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Mitungi ishirini na minne iliingia pale nyuma, imesimama bega kwa bega, na ilifika kiwandani ikiwa bado baridi. Wanawake walimletea Jelagat kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mlangoni. Watoto wakarudi shule. Alifurahi kwa dhati, na hakufikiri hata mara moja kwamba tangu viti vitoke kamati haijaenda mjini. Waliokuwa wakienda ni Kipyego na Kimutai, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa bado na nafasi ya watatu.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa imeshika, Kipyego akaja jioni mahali pa kupimia maziwa.

"Bodi ya ardhi inakaa kesho saa nne," akawaambia wazee wa kamati. "Watasoma majina ya wenye hisa, moja moja, ndio mgawo upitishwe."

Moyo wa Jelagat ukaruka. "Basi Ouma aje sasa hivi afunge kiti. Bolti ninazo."

"Na mitungi?"

"Kwa siku moja tu, Kipyego."

"Siku moja ni mitungi ishirini na minne." Kipyego akawageukia wanawake waliokuwa wakisuuza ndoo. "Mnasikia? Maziwa yenu yamwagwe kesho kwa ajili ya makalio ya kamati?"

Wanawake wakacheka. Wazee wawili nao wakacheka, wakasema wao magoti yanawauma, Kipyego atawasemea. Jelagat peke yake hakucheka.

"Basi nitakaa chini, katikati ya mitungi," akasema.

Kipyego akamwendea, akamshika bega, akasema taratibu lakini kwa sauti ya kusikika na wote. "Mzee mwenzetu. Mwanamume mwenye mke na mtoto, mwanakamati, ashuke mbele ya ofisi ya serikali akitambaa kutoka kwa mitungi kama ndama? Mama wa kawaida angefanya hivyo, hakuna mtu angesema kitu. Lakini wewe?"

Hapo ndipo alipomshika. Jelagat aliogopa vitu vichache duniani, na kikubwa kati ya hivyo kilikuwa siku ambayo wazee wale wangemtazama na kumwona mwanamke tena. Angesema, "Nitatambaa, na ndama atafika." Maneno hayo alikuja kuyapata baadaye, alipokuwa hayana kazi. Jioni ile alijinyoosha, akaishika fimbo yake, akajibu kwamba mwanamume ana miguu.

Akaondoka jogoo la kwanza, amejitanda kanga ya Jeruto kichwani juu ya koti la marehemu. Barabara ya udongo ilikuwa imegeuka uji. Viatu vya mpira vilinasa, akavivua akavifunga shingoni. Alikuwa na miaka sitini na kidogo, na alikuwa ametembea safari ndefu kuliko hiyo akiwa na mzigo na mtoto mgongoni, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Akifika barabara kuu angepata basi.

Saa mbili kasoro, kabla hajafika barabara kuu, akasikia Landrova nyuma yake. Akasogea kando. Gari likapita polepole kwa sababu ya utelezi, mitungi ikigongana nyuma. Angeweza kunyoosha mkono kulisimamisha. Badala yake aliinua fimbo, kama mzee anavyomsalimu mzee. Kipyego naye akainua mkono wake dirishani, kwa heshima zote. Ouma alimtazama kwenye kioo mpaka kona ikamficha.

Basi lilikuwa limezama matopeni mbele ya daraja, abiria wamesimama mvuani wakilaumiana. Akatembea. Trekta moja la mahindi likamsogeza maili tatu, kisha likakata njia yake. Akatembea tena. Alipoingia Eldoret miguu yake ilikuwa haimjulishi tena kama inauma, na saa ya ukutani katika ofisi ya ardhi ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Viti vya ukumbini vilikuwa vimeshapangwa juu ya meza na mtu alikuwa akifagia.

Karani alikuwa kijana mwenye tai na adabu. Alimpa stuli, akafungua faili.

"Hisa namba thelathini na moja," akasoma. "Kipkemboi, marehemu. Hakuacha mtoto wa kiume. Mjane ameridhia hisa iende kwa Kimutai, katibu wa kampuni. Kamati imethibitisha."

"Mjane gani huyo?"

"Si ni wewe, mama?"

"Mimi si mjane. Mimi ni mume wa Jeruto. Mtoto yuko, anaitwa Kiptoo, ana meno manne."

Karani hakucheka, na kwa hilo Jelagat alimshukuru mpaka mwisho. Aligeuza karatasi akamwonyesha, ingawa alijua hasomi. "Angalia, mama. Hapa kuna mahali pa kuandika mume, na hapa mahali pa kuandika mke. Wewe nikuandike wapi?" Akangoja, kisha akaendelea kwa upole. "Unaweza kupinga. Andika barua, ipigwe muhuri wa kampuni, ulete hapa kabla siku thelathini hazijaisha."

Muhuri wa kampuni ulikaa mfukoni mwa koti la Kipyego.

"Lakini ungekuwa hapa asubuhi," karani akasema, akilifunga faili, "singekuambia mambo ya barua. Walipofika kwa hisa hii, bwana wa bodi aliuliza kama kuna mtu ana neno. Aliuliza mara mbili, mama. Watu walinyamaza."

Jelagat alikaa kwenye stuli ile mpaka aliyekuwa akifagia akafika miguuni pake.

Mkutano uliofuata alisimama tena na fimbo yake. Alisema yote. Kipyego alisikiliza kwa masikitiko, kisha akajibu kwamba sheria ni ya serikali, si yake. Kwamba yeye bodi ilimuuliza kuhusu mjane naye akasema alivyodhani. Kwamba mila ni nzuri lakini Nairobi hawaijui. Wazee wawili walikuwa wakiyachunguza magoti yao. Jelagat aliomba jambo moja tu: barua yake ipigwe muhuri. Kipyego akasema muhuri si wa kupigwa ovyo, kamati itakaa. Kamati haikukaa, na siku thelathini zikaisha. Wanawake walilia pamoja naye, walimletea maziwa, walimlaani Kipyego kwa sauti ya chini. Asubuhi mitungi ishirini na minne ikapakiwa ikaenda mjini kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyesema isimame siku moja, na mimi sijui kama ningesema.

Mpima ardhi akaja na minyororo yake. Bikoni moja ya mpaka ikapigwa nyuma ya nyumba ya Jelagat, nyingine mbele ya zizi, na vyote vilivyokuwa katikati vikawa vya Kimutai. Jelagat akapewa muda wa kuhama, mpaka mahindi yafike magotini. Dada yake Priscah, aliyeolewa upande wa Turbo, alituma neno kwamba wana kibanda cha kuku ambacho kikizibwa matundu kitakaa watu.

Siku ya kuhama Kipyego alitoa Landrova bure. Watu walimsifu kwa hilo. Ouma alifika asubuhi, akalirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni, akashuka.

"Umetumwa kuchukua kiti pia?" Jelagat akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Maziwa sasa itachukuliwa na lori, imekubali kuingia mpaka ndani. Mwenyekiti anataka viti irudi. Lakini nimemwambia kwanza nikupeleke wewe." Akaifuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na grisi. "Mama, mimi nilisikia. Ile asubuhi, ndani ya gari. Kimutai alimwambia, 'Na yule?' Mzee akasema, 'Yule atatembea.' Nilisikia na nikaendesha tu. Mimi hapa ni mtu wa kuja. Wakinifukuza sina hata kwa kusimama."

Hasira aliyokuwa nayo Jelagat ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Ouma.

"Funga kiti, Ouma," akasema. "Nataka niondoke hapa nimeketi."

Ouma hakubisha. Wakakitoa kiti nje, yeye na Jeruto, wakakiweka kando ya gari. Jelagat akaenda kulitoa kopo la ugoro juu ya kenchi. Bolti zilikuwamo zote nane, zingali na grisi. Kisha Ouma akapima kwa macho: kitanda kimoja, masufuria, majembe mawili, magunia matatu ya mahindi ya mwaka jana, kitanda kidogo cha Kiptoo alichochongewa na fundi wa Burnt Forest, vibuyu, mabati sita yaliyong'olewa juu ya paa lao wenyewe.

"Mama, nikifunga kiti, hii yote haiingii. Na safari ya pili sijapewa."

Jeruto alikuwa amembeba mtoto mgongoni na anamtikisa, macho yake yako kwenye mahindi. Gunia moja lilikuwa chakula cha mwezi. Jelagat akayatazama magunia, akamtazama mtoto, akamkabidhi Ouma lile kopo.

"Pakia," akasema.

Vyote viliingia. Mabati yalilazwa chini, magunia juu yake, kitanda kikasimamishwa ubavuni, na bado nafasi ilibaki. Ndilo alilotaka alipogonga fimbo yake mkutanoni, gari libebe mzigo, na gari lilibeba. Nyumba nzima ya miaka yake yote ilipakiwa kwa muda wa kuchemsha chai. Jeruto akaketi mbele na mtoto, kwa sababu ya matope na baridi. Kiti kirefu cha ngozi nyeusi kikabaki uani, kikinyeshewa, kikimngoja Ouma arudi.

Jelagat akapanda nyuma. Aliinama, akashika ukingo wa mlango, akatambaa kwa magoti juu ya mabati, akapita kati ya gunia na sufuria kubwa. Akaketi chini. Akaivuta miguu yake, akailaza fimbo mapajani, akaegemeza mgongo kwenye gunia. Hakugonga kichwa, hakubanwa bega. Gari likaondoka, likapita mahali pa kupimia maziwa, ambapo wanawake waliinua mikono na Kipyego, aliyekuwa amesimama nao, akainua wake.

Yeye hakumwona. Alikuwa ameinamisha kichwa akitazama pale alipoketi, akipapasa bati kwa kiganja, kushoto na kulia, akipima. Alitosha. Na hata mitungi ingekuwapo, angetosha.